Agizo la usiku wa kuamkia Alhamisi: kisa cha kuhamishwa kwa watu wa Goma, Mei 2021

Usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 27 Mei 2021, wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waliamriwa kuhama. Kufikia siku zilizofuata watu wapatao 400,000 walikuwa wameondoka mjini kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka tarehe 22 Mei, na mlipuko wa pili uliohofiwa haukutokea. Wengi walirudi wakiwa na hasira, wagonjwa, wameibiwa au wamekopa, na mpaka leo utawasikia watu wakiuliza kwa nini walisumbuliwa bure.

Ninakichambua kisa hiki kwa sababu naamini agizo lile lilikuwa sahihi, na naamini pia kwamba hasira ya wananchi ilikuwa ya haki. Kosa halikuwa kwenye amri ya kuondoka. Lilikuwa upande wa pili wa barabara, mahali watu walikopelekwa. Anayefanya kazi ya kukabili maafa, awe chifu wa mtaa, mwalimu, muuguzi au mtangazaji wa redio, ana mengi ya kuchukua hapa.

Viongozi na wataalamu nitawataja kwa vyeo tu, na hakuna raia atakayetajwa kwa jina. Nitakayoyasimulia ni mambo yaliyotokea hadharani.

Usuli

Nyiragongo ina kimo cha mita 3,470, nayo imesimama takriban kilomita 15 hadi 20 kaskazini mwa Goma, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Kwa miongo mingi ilikuwa na ziwa la lava lililo wazi kileleni, na usiku wekundu wake ulionekana mjini. Lava ya mlima huu ni nyepesi kuliko ya volkano nyingi duniani. Mwaka 1977 ziwa lile lilimwagika ghafla kupitia nyufa za ubavuni, na lava ikashuka kwenye miteremko ya juu kwa kasi inayokadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa. Kasi hiyo haikimbiliki kwa miguu.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ikaingia Ziwa Kivu. Ilifunika sehemu ya njia ya kurukia ndege na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Mamia ya maelfu walivuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, na wengi wao walirudi baada ya siku chache tu, wakati mawe mapya bado yana moto. Jambo hili lilipaswa kukumbukwa mwaka 2021. Mtu wa Goma hakai mbali na mji wake kwa muda mrefu: riziki yake ni ya siku kwa siku, na nyumba isiyo na mtu huvunjwa.

Upande wa kusini kuna ziwa lenyewe. Kilindi cha Kivu kimebeba takriban kilomita za ujazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani, zilizobanwa na uzito wa maji. Kila anayesimamia usalama wa Goma analikumbuka Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo mwezi Agosti 1986 lilitapika gesi na kuua zaidi ya watu 1,700 usiku mmoja. Nyos ni kijiziwa ukilinganisha na Kivu.

Mambo mengine mawili yaliongeza ugumu. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini, jimbo lenye mji wa Goma, ilikuwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na gavana mwanajeshi alikuwa ndiyo kwanza ameshika uongozi. Pia kituo cha uangalizi wa volkano cha mjini, OVG, kilikuwa kimepoteza ufadhili wa nje mwaka 2020. Kwa miezi kadhaa kilikosa hata fedha za intaneti ya kupokea takwimu kutoka kwenye vipimo vyake mlimani. Huduma ilirudi muda mfupi tu kabla ya mlipuko. Hata hivyo, taarifa yake ya tarehe 10 Mei ilieleza kuwa mitetemeko ya Nyiragongo imeongezeka.

Usiku wa kwanza: Jumamosi, 22 Mei

Giza likiingia, anga ya kaskazini ikawa nyekundu kupita ilivyozoeleka. Mlima ulikuwa umepasuka ubavuni, na lava ilianza kushuka katika eneo la utawala linaloitwa pia Nyiragongo, nje kidogo ya mji. Mkondo mmoja uliikata barabara kuu ya kwenda Rutshuru, inayoingiza chakula kingi cha Goma. Mwingine ulielekea upande wa uwanja wa ndege na kusimama takriban kilomita moja na robo kabla ya kuufikia, huko Buhene. Mlipuko wenyewe ulidumu takriban saa sita.

Umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya mji. Kwa saa za mwanzo hakukuwa na sauti rasmi iliyowaambia watu waende wapi. Serikali ilipotangaza kuwa mpango wa kuhamisha watu umeanza, mji ulikuwa umeshaanza kujihamisha wenyewe. Watu walishika njia mbili, mpaka wa Rwanda na barabara ya Sake, magodoro kichwani, watoto mgongoni, wengine kwa pikipiki na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Maelfu walivuka mpaka usiku ule.

Kesho yake UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walikuwa wametenganishwa na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Jumla ya waliokufa katika tukio zima ilipita 30. Wapo walioteketezwa na lava. Wapo waliokufa katika ajali za barabarani wakikimbia, na wapo waliokosa hewa kwa sababu ya gesi walipojaribu kukatiza juu ya lava iliyokuwa bado inapoa. Maelfu ya nyumba ziliteketea, na matangi na mabomba ya maji yaliharibiwa kiasi kwamba takriban watu nusu milioni walibaki bila maji salama.

Jumapili asubuhi lava ilikuwa imesimama, na wengi walirudi majumbani wakidhani yamekwisha.

Siku nne ardhi ilipokuwa haitulii

Hapa ndipo kisa hiki kinapoachana na visa vya kawaida vya volkano. Tulivyofundishwa ni kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, hupanda, ardhi hutetemeka na kuvimba, kisha mlima hulipuka. Nyiragongo ilianza na mlipuko, na baada ya hapo ndipo magma ikaanza kusafiri chini ya ardhi.

Kuanzia Jumapili mitetemeko ilikuja kwa mamia, na mingine ilipita kipimo cha 5. Nyufa zilifunguka barabarani na majumbani, Goma na Gisenyi. Majengo yalianguka. Picha za rada kutoka kwenye setilaiti zilipolinganishwa, wataalamu wa Kongo na wenzao wa nje waliona ardhi inafunguka kuelekea kusini. Mshipa wa magma ulikuwa unajipenyeza kutoka mlimani, chini ya mji, kuelekea chini ya ziwa.

Utafiti uliochapishwa baadaye, mwaka 2022, katika jarida la Nature ulithibitisha ukubwa wa hatari hiyo. Mshipa ule ulikuwa na urefu wa takriban kilomita 25, na ulipita chini ya Goma na Gisenyi katika kina kisichofika mita 500. Watafiti walihitimisha pia kwamba mlipuko wa tarehe 22 haukuwa na dalili za wazi za kutangulia. Kuta za mlima zilichoka na kupasuka, kama chungu kinachopasuka ubavuni wakati mchuzi uko palepale ulipokuwa jana.

Uamuzi wa tarehe 27 na sababu zake

Tujiweke mezani pamoja na waliokuwa wanaamua Jumatano usiku. Walijua mambo haya: magma iko chini ya nyumba za watu, mitetemeko haijakoma, na mlima huu umeshaonyesha Jumamosi kwamba unaweza kufunguka bila kutoa ishara. Wasilolijua ni kama magma ingetoka, itokee wapi, na lini.

Mbele yao kulikuwa na hali nne. Ya kwanza, mshipa unasimama chini kwa chini na mambo yanaishia hapo. Ya pili, lava inatokea ndani ya mji wenyewe, kwenye mitaa kama Majengo au Birere, na watu wanakosa hata dakika kumi. Ya tatu, magma inakutana na maji ya ziwa karibu na ufuko na kusababisha milipuko mikali. Ya nne, ambayo uwezekano wake ulikuwa mdogo kuliko zote lakini hasara yake haina kipimo, ziwa linavurugwa na gesi inapanda juu.

Katika hotuba yake gavana alisema bila kuficha kwamba mlipuko wa nchi kavu au chini ya ziwa hauwezi kuondolewa kwenye hesabu, na kwamba unaweza kuja bila onyo. Mitaa 10 ilitajwa kwa majina, ikiwemo Majengo, Mabanga, Bujovu, Virunga, Murara na Kahembe. Hii ilikuwa mitaa iliyo kwenye mstari wa mshipa. Watu waliambiwa wabebe vitu vya lazima tu, waelekee Sake, takriban kilomita 25 magharibi, na wasirudi mpaka watakapoambiwa. Usafiri uliandaliwa kwa baadhi yao.

Kuchagua mitaa 10 badala ya mji mzima kulikuwa na mantiki nzuri. Barabara ya Sake ni moja. Kuujaza mji mzima katika barabara hiyo kwa siku moja kungewakwamisha hata wale walio juu kabisa ya mshipa. Lakini hofu haijui mipaka ya mitaa. Watu wa mitaa isiyotajwa nao walifunga mizigo, na kufikia mchana barabara ilikuwa imeziba kwa magari, mikokoteni, chukudu na watu wa miguu. Bandarini watu walisukumana wapate boti ya Bukavu. Wengine walienda Minova, wengine Rwanda, na wengine kaskazini kuelekea Rutshuru.

Sake

Sake ni mji mdogo. Ndani ya siku mbili ulipokea watu kwa makumi ya maelfu, na kwa baadhi ya makadirio walizidi laki moja. Walilala madarasani, makanisani, kwenye varanda za maduka na kando ya barabara. Familia nyingi za wenyeji zilifungua milango, nyumba ya vyumba viwili ikalala familia tatu. Wema huo haukuwa kwenye mpango wowote wa serikali, na ndio ulioubeba mzigo mkubwa kuliko yote.

Kilichokosekana kwanza kilikuwa maji. Mashirika ya tiba na misaada yalifika na kuanza kuweka matangi, lakini yalifika baada ya watu. Vyoo vilikuwa vichache mno, na eneo lote la Goma na Sake ni eneo ambalo kipindupindu hakitoki. Wagonjwa wa kuhara walianza kuonekana. Bei za vyakula zilipanda. Mama mwenye mtoto mchanga aliyeambiwa abebe vitu vya lazima tu alifika mahali ambapo hata sufuria ya kuchemshia maji ilikuwa ya kuazima.

Basi watu wakaanza kurudi kabla ya ruhusa. Wengine walirudi mchana kuangalia nyumba na kutafuta hela, jioni wakaenda tena Sake. Wengine walirudi moja kwa moja. Walipima hatari mbili, magma wasiyoiona na kiu wanayoiona, wakachagua. Siwezi kuwalaumu.

Matokeo

Mwishoni mwa Mei mitetemeko ilianza kupungua, mshipa ukawa umesimama chini kwa chini, na mwezi Juni serikali ikatangaza watu warudi kwa awamu. Hakuna aliyeuawa na mlipuko wa pili kwa kuwa haukuwepo. Waliopoteza nyumba kwenye vijiji vya kaskazini ndio walioteseka kwa muda mrefu zaidi, kwani wao hawakuwa na pa kurudi. Walibaki kwenye vibanda na maeneo ya muda, mengine ambayo baadaye yalijaa tena watu waliokimbia vita vya kundi la waasi la M23.

Uchambuzi

*Agizo lenyewe.* Uamuzi wa kuhamisha watu hupimwa kwa yaliyojulikana saa ulipotolewa. Hii ni kanuni rahisi kuitamka na ngumu sana kuishi nayo, kwa sababu mwananchi aliyelala nje siku kumi huona matokeo tu. Ukirudi kwenye yale waliyoyajua Jumatano usiku, sioni njia nyingine ya uaminifu. Magma chini ya nyumba za watu, juu yake mji unaokadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja, na mlima uliokwisha kuthibitisha kuwa haupigi hodi. Kusubiri dalili ya wazi kungekuwa kusubiri dalili ambayo mlima huu hautoi.

Magma inayopita chini kwa chini huishia kwa namna mbalimbali, na Bonde la Ufa linatupa mifano. Mwezi Julai 2007, karibu na Ziwa Natron kaskazini mwa Tanzania, mshipa kama huo ulitikisa ardhi kwa wiki kadhaa, mtetemeko mkubwa ukasikika hadi Nairobi, na magma ile ikabaki chini. Mwezi Septemba Ol Doinyo Lengai ikalipuka kwa nguvu. Huko Afar nchini Ethiopia, mwishoni mwa 2024 na mwanzoni mwa 2025, mitetemeko ya eneo la Fentale na Dofen iliwahamisha makumi ya maelfu, na lava haikuingia mijini.

Mfano ninaoutumia zaidi ni Grindavík, Iceland. Usiku wa tarehe 10 Novemba 2023 mji huo wa watu wasiofika 4,000 uliondolewa wote, kwa sababu ileile ya Goma: mshipa wa magma wa takriban kilomita 15 ulikuwa umepita chini yake. Wiki ya kwanza hakuna kilicholipuka, na ya pili vilevile. Mlipuko ulikuja tarehe 18 Desemba, na tarehe 14 Januari 2024 lava ikaingia mjini na kuteketeza nyumba tatu ambazo hazikuwa na mtu ndani. Kama agizo la Grindavík lingehukumiwa mwishoni mwa Novemba, lingeitwa usumbufu wa bure. Tofauti kati ya Grindavík na Goma haikuwa katika ubora wa uamuzi. Watu wa Grindavík walikuwa na magari, walipokelewa katika nyumba zenye maji ya bomba, na walilipiwa. Wangeweza kumudu kungoja.

*Kimya cha Jumamosi.* Ni rahisi kusema intaneti ya kituo cha uangalizi ingeokoa watu. Fedha zile zilikuwa muhimu, na kukiacha kituo pekee kinachoulinda mji kama huu bila kifurushi cha data ni jambo la kusikitisha. Lakini utafiti wa baadaye haukuonyesha dalili za wazi ambazo zingempa mtaalamu nafasi ya kuwaonya watu siku kadhaa kabla, hata kama kila kipimo kingekuwa kinafanya kazi. Onyo lililowezekana lingekuwa la dakika chache tu. Kwa hiyo swali la kujiuliza kuhusu usiku ule ni hili: dakika hizo zingefanya nini? Bila umeme, bila sauti iliyoandaliwa kuingia redioni, bila chifu wa mtaa anayejua kwa hakika njia ipi iko salama, onyo lingebaki ofisini.

Goma ina mabango ya rangi ya tahadhari ya volkano, na kwa muda mrefu rangi imekuwa ya njano. Njano ya miaka na miaka huacha kusomwa. Mji ambao mlima wake hautoi onyo unahitaji mpango unaokaa vichwani mwa watu kabla ya siku yenyewe. Kila familia ijue inakutana wapi ikitawanyika, na kila shule na kanisa lijue watoto waliopotea wanapelekwa nani. Idadi ile ya watoto waliotenganishwa na familia ilitokana na usiku mmoja wa saa sita, na lava haikufika hata kwenye mitaa wengi wao walikotoka. Kwangu hili ndilo pengo lililoumiza zaidi na lililo rahisi kuliko yote kuziba: karatasi ya plastiki yenye jina la mtoto na namba ya simu, iliyoshonwa kwenye nguo yake, haihitaji mfadhili.

*Maji yalipaswa kutangulia.* Kati ya Jumapili na Jumatano kulikuwa na siku nne ambazo wataalamu waliona magma inaelekea mjini. Uwezekano wa kuhamisha watu ulionekana. Siku hizo zingetosha kupeleka matangi ya maji Sake na Minova, klorini, mashimo ya vyoo vya dharura na orodha ya shule za kupokelea watu. Kuna hoja kwamba kupeleka matangi kabla ya agizo kungezua taharuki. Naielewa hoja hiyo na siikubali. Watu walikuwa tayari katika taharuki, wanalala nje kwa kuogopa kuta. Kuona maji yakiandaliwa kungewaambia kwamba kuna mtu anayefikiria kesho yao. Waliokimbilia Bukavu kwa boti, mahali penye ndugu na bomba, wengi walivumilia hadi ruhusa ilipotoka. Kilichoamua nani anatii na nani anarudi mapema kilikuwa hasa maji na kitanda.

*Mwelekeo.* Jambo hili limezungumzwa kidogo. Kama moja ya hofu kubwa ilikuwa gesi ya ziwa, Sake ilikuwa mahali pa aina gani? Sake iko karibu na Ghuba ya Kabuno, mkono wa Ziwa Kivu ambao kabonidayoksaidi yake iko katika kina kifupi kuliko ya ziwa kuu. Ukanda wote kati ya Goma na Sake una mazuku, mabonde madogo ambamo gesi hujikusanya kimyakimya na kuua mbuzi, na mara nyingine watu, hasa alfajiri hewa ikiwa haitembei. Watu waliochoka walilala chini kando ya barabara hiyo usiku.

Najua sababu iliyowalazimu waamuzi. Kaskazini barabara ilikuwa imekatwa na lava, na huko kulikuwa na makundi yenye silaha. Mashariki ni nchi nyingine, nayo ilikuwa inatetemeka vilevile. Kusini ni ziwa. Sake ndiyo iliyobaki. Lakini mahali pa lazima bado panaweza kuandaliwa. Timu ndogo yenye vipima gesi, utepe mwekundu na vijana wa eneo hilo wanaoyajua mazuku yao wangeweza kuweka alama mahali pa kutolala. Wenyeji wa Sake wanayajua mabonde hayo tangu utotoni. Ujuzi huo ulipaswa kuombwa.

*Sauti moja.* Tarehe 29 Mei chombo cha serikali kilitangaza mlipuko mdogo mpya ubavuni mwa Nyamulagira, volkano jirani, kisha kikafuta taarifa hiyo siku hiyohiyo kuwa haikuwa ya kweli. Kosa la muda mfupi, lakini kwa watu waliokuwa barabarani lilikuja baada ya wiki ya uvumi. Simu za ndugu, sauti za WhatsApp zisizo na mwenyewe, maelezo ya wataalamu wa nje na wa ndani yanayotofautiana maneno, vyote vilishindana na taarifa rasmi. Taarifa ya saa moja asubuhi na saa moja jioni, kila siku, kwa Kiswahili, hata pale ambapo cha kusema ni kwamba hakuna jipya, ingepunguza njaa ya uvumi.

*Mlango wa kurudi.* Agizo lilisema watu wasirudi hadi watakapoambiwa. Raia hakuelezwa dalili zipi zingefungua ruhusa hiyo. Hapa wataalamu wangeweza kusaidia kwa lugha nyepesi: mitetemeko ikishuka chini ya kiwango fulani kwa siku kadhaa, picha za setilaiti zikionyesha ardhi imeacha kufunguka, vipimo vya gesi mjini vikiwa vya kawaida, mtaa fulani unarudi kwanza. Mtu anayejua anachongoja hungoja vizuri zaidi. Asiyejua hungoja mpaka hela iishe.

Yanayoikabili Goma sasa

Kati ya mlipuko wa 1977 na wa 2002 ilipita miaka 25, na kati ya 2002 na 2021 ikapita 19. Mlima haufuati kalenda, na baada ya 2021 lava imeonekana tena ndani ya shimo la kilele. Mji nao umezidi kusogea kaskazini, na nyumba za mbao zimejengwa juu ya mawe ya 2002 na ya 2021.

Kilichobadilika zaidi ni barabara. Mwezi Januari 2025 Sake, kisha Goma, ziliingia mikononi mwa M23, na uwanja wa ndege ukafungwa. Njia iliyotumika Mei 2021 ilitegemea mamlaka moja kutoka Goma hadi Minova, madereva wasioogopa vizuizi, boti huru za Bukavu na mashirika ya misaada yanayoweza kufika Sake kwa saa moja. Wanaoandaa mpango mpya, wawe wataalamu wa OVG, viongozi wa makanisa na misikiti au wakuu wa mitaa, hawawezi kuuchukua ule wa 2021 na kuubadilisha tarehe. Inabidi wajue kwanza nani anasimamia kila kizuizi kati ya Ndosho, mtaa wa magharibi mwa Goma, na Minova, na wapate ahadi yake mapema kwamba siku mlima ukifunguka, raia watapita usiku bila kuulizwa karatasi.